Je, wajua hasi 4.510 ya Uganda ilitoka wapi?

Mlali iko wilaya ya Mvomero, na Mvomero haihitaji kufundishwa kusoma msimamo wa ligi. Ndiyo wilaya ya Mtibwa Sugar ya Turiani, bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000. Shabiki wa huko anajua kwamba timu mbili zikifungana pointi, macho huhamia kwenye tofauti ya mabao. Kriketi nayo ina kipimo chake cha namna hiyo. Ukifungua msimamo wa mashindano kwenye simu utakiona kwenye safu yenye herufi NRR, kina desimali tatu, na kwa timu nyingine ni chanya, kwa nyingine hasi. Watu wengi huiruka safu hiyo wakidhani ni mambo ya kompyuta. Si kweli. Ni kugawanya mara mbili na kutoa mara moja.

Katika kriketi ya T20 kila timu hupewa ova 20 za kupiga, na ova moja ni mipira sita. Jumlisha mikimbio yote, yaani alama za kriketi, ambayo timu imepata katika mechi zake za kundi, ugawe kwa jumla ya ova ilizopiga. Hiyo ndiyo kasi yake. Kisha jumlisha mikimbio iliyowaruhusu wapinzani, ugawe kwa ova ilizowarushia. Toa kasi ya wapinzani kwenye kasi ya timu, umemaliza.

Mfano mzuri kuliko wote kwetu Afrika Mashariki ni Uganda. Novemba 2023, mjini Windhoek, iliifunga Zimbabwe na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la T20 la 2024. Tanzania na Kenya nazo zilikuwa kwenye mchujo huohuo. Juni 2024 Waganda wakajikuta kundi moja na Afghanistan, West Indies, New Zealand na Papua New Guinea. Walipata mikimbio 58 dhidi ya Afghanistan iliyopata 183. Wakaifunga Papua New Guinea, 78 kwa 77. West Indies wakapiga 173, Uganda 39. Mwisho New Zealand, walioizuia Uganda kwenye 40 na kuivuka kwa kupata 41.

Jumla yake ni mikimbio 215 ya kupata na 474 ya kuruhusu. Sasa ova, na hapa ndipo wengi hukosea. Dhidi ya West Indies, Uganda ilipoteza wiketi zote 10, yaani ilitolewa yote, ndani ya ova 12 tu. Ungetegemea 39 igawanywe kwa 12, ambayo ni kasi ya 3.25. Kanuni inakataa. Timu iliyotolewa yote huhesabiwa ova zake kamili, kwa hiyo 39 inagawanywa kwa 20 na kasi inashuka hadi 1.95.

Naiona ni kanuni ya haki kabisa. Fikiria timu inayopiga ovyo ovyo, ikapata 50 katika ova tano na kutolewa yote, huku mpinzani akiwa na 120 katika ova 20. Bila kanuni hiyo, aliyefungwa angeondoka na kasi ya 10 na mshindi na kasi ya 6!

Uganda ilitolewa yote mara tatu, hivyo tunaandika 20, 20 na 20. Dhidi ya Papua New Guinea ilishinda kwenye ova ya 18.2, yaani ova 18 na mipira miwili. Mipira miwili kati ya sita ni theluthi moja ya ova, si sehemu mbili za kumi. Jumla ni ova 78 na theluthi. Kwa upande wa kurusha, Papua New Guinea nao walitolewa wote, wanahesabiwa 20. Afghanistan na West Indies 20 kila moja. New Zealand walimaliza kazi kwa ova 5.2. Jumla ni ova 65 na theluthi.

Gawa: 215 inatoa 2.745, na 474 inatoa 7.255. Toa, unapata hasi 4.510, ileile iliyoandikwa kwenye msimamo. Usitafute wastani wa mechi moja moja. Ukifanya hivyo unapata hasi 4.558, na nafasi huweza kupotea kwa pengo dogo kama hilo. Wala usihangaike na wiketi zilizobaki. New Zealand walishinda kwa wiketi tisa, lakini kilichoiumiza Uganda kwenye safu hii ni zile ova 5.2.

Hata hivyo Uganda ilimaliza ya nne, juu ya Papua New Guinea iliyokuwa na hasi 1.268. Waganda walikuwa na pointi mbili, wenzao hawakuwa na hata moja. Pointi husomwa kwanza.

Kutojua hesabu hii kuna gharama. Septemba 2023, mjini Lahore kwenye Kombe la Asia, lililochezwa kwa ova nyingi kuliko T20, Afghanistan iliambiwa ni lazima ifikishe 292 ndani ya ova 37.1 ili iipite Sri Lanka. Ova hizo 37.1 zikaisha wakiwa na 289 na wiketi moja mkononi, wakadhani yameisha. Kumbe 295 ndani ya ova 37.4 ingetosha, yaani mpigo mmoja wa sita. Hakuna aliyewaambia, kama kocha wao Jonathan Trott alivyoeleza baadaye. Mpigaji wa mwisho, Fazalhaq Farooqi, akazuia mipira miwili na kutolewa kwa uliofuata.

Vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026, kwa mara ya kwanza, kwa hiyo safu hii sasa inatuhusu moja kwa moja. Walimu wa hisabati wa Mlali na Mzumbe, nawaomba muipeleke darasani. Mpeni mwanafunzi mikimbio 78 kwa ova 18.2 atafute kasi. Jibu ni 4.25, akiwaletea 4.29, amesahau kwamba ova ina mipira sita.