Sigara na Mvuke kwa Mtu Mmoja

Tangu mfamasia wa Kichina, Hon Lik, alipobuni sigara ya kielektroniki mwaka 2003, mijadala mingi juu ya chombo hicho imewagawa watu katika makundi mawili: wavutao moshi na wavutao mvuke. Lakini lipo kundi la tatu, la watu wenye pakiti ya sigara katika mfuko mmoja na kifaa cha mvuke katika mfuko wa pili. Si wachache kati yao wanaoamini kwamba wamekwisha kuipunguza hatari kwa nusu. Imani hiyo inastahili kupimwa.

Watu hao hawatumii vitu hivyo kwa namna moja. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2016 katika Uingereza, Marekani, Kanada na Australia uliwagawa katika aina nne: watumiao vyote viwili kila siku, wavutao sigara kila siku na mvuke mara moja moja, wavutao mvuke kila siku na sigara mara moja moja, na wale wasiotumia chochote kati ya hivyo kila siku. Waliozidi kwa wingi walikuwa wa aina ya pili. Hao ni wavuta sigara hasa, na mvuke kwao mara nyingi ni wa kuvumilia mahali ambapo moshi umepigwa marufuku.

Chanzo cha yote ni nikotini. Ikivutwa mapafuni hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, lakini kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, ndipo mwili hudai tena. Mvutaji mzoefu akipunguza idadi ya sigara, pasipo kujua huivuta kila moja kwa nguvu zaidi na kwa kina zaidi, wala haitupi mpaka moto ukaribie vidole. Kwa hiyo sigara kumi zaweza kumpa sumu inayozidi nusu ya ile ya sigara ishirini. Mvuke wenye nikotini ya kutosha unaweza kuziba pengo hilo. Ukiwa hafifu, hauzibi.

Nikotini humfanya mtu mtumwa wake, lakini sehemu kubwa ya maradhi ya mvutaji hutokana na mwako. Ncha ya sigara hufikia joto la nyuzi 900 hivi za Sentigredi, na humo huzaliwa lami na gesi ya kaboni monoksaidi. Kifaa cha mvuke hakichomi tumbaku. Hupasha moto kimiminika tu. Mvuke huo si hewa safi, ila sumu zake ni chache zaidi. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2018, uliohusu watu zaidi ya 5,000, ulipima mkojo na kuiona tofauti hiyo kwa waliotumia mvuke peke yake. Waliochanganya hawakuipata nafuu hiyo, na kwa baadhi ya sumu waliwapita hata wavuta sigara watupu.

Moyo nao hauhesabu kama mwenye duka. Mwaka 2018 Allan Hackshaw na wenzake wa London walikusanya matokeo ya tafiti 141. Walikuta kwamba mwanamume avutaye sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo aliyo nayo mwenye kuvuta ishirini. Kwa mwanamke ni karibu theluthi. Msomaji aliyezoea kuona sigara zikiuzwa moja moja dukani na aitafakari hesabu hiyo.

Hata hivyo mvuke umewavusha baadhi ya watu. Katika jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka 2019, wavutaji 886 waliotaka kuacha waligawiwa, hawa mvuke, hawa dawa nyingine za nikotini kama vile vibandiko. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa mvuke walikuwa wameacha sigara, na asilimia 9.9 ya wenzao. Miongoni mwa walioacha, asilimia 80 ya kundi la mvuke walikuwa bado wanautumia. Katika kundi la pili, waliokuwa bado wanatumia dawa zao walikuwa asilimia 9.