Kujiamini katika Ujifunzaji wa Mtandaoni: Nafasi ya Lugha kwa Wanafunzi wa Sekondari nchini Tanzania

Ikisiri
Makala hii inafafanua dhana ya kujiamini kwa mwanafunzi wa sekondari anayejifunza mtandaoni. Inadai kwamba hali ya kutojiamini, ambayo aghalabu huhusishwa na uhaba wa vifaa, ina chanzo kingine katika lugha ya kujifunzia.

1. Utangulizi
Machi 17, 2020, serikali ya Tanzania ilitangaza kufungwa kwa shule kutokana na UVIKO-19. Kidato cha Sita kilirejea Juni 1, na vidato vingine Juni 29. Katika kipindi hicho, vifaa, umeme na gharama za intaneti vilikuwa vikwazo vya wazi vya kujifunza nyumbani. Hata hivyo, mwanafunzi mwenye simu na intaneti bado anaweza kusita kufungua somo kwa kuwa haamini kwamba atalielewa akiwa peke yake.

2. Dhana ya Kujiamini
Albert Bandura (1977) alieleza imani ya mtu juu ya uwezo wake wa kutekeleza jambo mahususi. Imani hiyo hutokana na mafanikio yake ya awali, kuwaona wengine wakifaulu, maneno ya kutiwa moyo, na hali yake ya mwili na hisia. Neno *kujiamini* halilingani kikamilifu na dhana hiyo. Kirejeshi *-ji-* humfanya mtu mwenyewe kuwa ndiye anayeaminiwa, bila kutaja kazi inayohusika. Hivyo, kauli ya hojaji “Ninajiamini ninapojifunza mtandaoni” huweza kupima haiba ya jumla. Kauli “Nina hakika kwamba ninaweza kufuata maelezo ya jaribio la Kemia kwenye video bila kusaidiwa” huikaribia zaidi dhana inayokusudiwa.

3. Lugha na Vyanzo vya Kujiamini
Wanafunzi wengi wa shule za umma husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia katika Kidato cha Kwanza. Darasani, mwalimu huweza kuziba pengo hilo kwa kubadili msimbo: husoma fasili kwa Kiingereza, huwatazama wanafunzi, kisha huifafanua kwa Kiswahili. Somo lililorekodiwa kwa Kiingereza pekee huliondoa daraja hilo. Mwanafunzi anayekwama kwenye msamiati huweza kudhani kuwa ameshindwa Biolojia, ilhali kilichomkwamisha ni lugha. Hawaoni wenzake waliokwama na kujikwamua, wala hasikii mwalimu akimtia moyo. Akitakiwa kuandika swali, hofu ya kuacha makosa ya Kiingereza mbele ya wenzake huweza kumnyamazisha.

Huenda ikadaiwa kuwa ufafanuzi wa Kiswahili utamdhoofisha mwanafunzi atakayetahiniwa kwa Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito iwapo Kiswahili kitachukua nafasi ya istilahi za mtihani. Ufafanuzi unaoambatana na istilahi hizo humpa njia ya kuzifikia.

4. Hitimisho
Somo la Kiswahili, linalofundishwa kwa Kiswahili, linatoa kigezo cha ulinganishi. Mwanafunzi yuleyule, akitumia simu ileile, akiwa na hakika katika somo hilo na kuikosa katika Biolojia, uhaba wa vifaa hautatosha kueleza tofauti hiyo. Utafiti utakaotenganisha ugumu wa somo na ugumu wa lugha utaonyesha iwapo kinachohitajika ni simu zaidi, au pia maelezo yanayoeleweka.