Fahamu: Michael Kiwanuka ni nani?

Nchini Uganda jina Kiwanuka ni la kawaida. Nchini Uingereza limevuma kupitia Michael, mwimbaji na mtunzi wa soul aliyezaliwa London mwaka 1987. Wazazi wake ni Waganda walioukimbia utawala wa Idi Amin.

Alianzaje?
Alipiga gitaa kwenye bendi za wengine. Mwaka 2011 alitumbuiza kabla ya mwimbaji Adele kupanda jukwaani. Mwaka 2012 akatoa albamu ya kwanza, Home Again.

Alivumaje?
Love & Hate, albamu yake ya pili (2016), ilishika namba moja Uingereza. Wimbo wake Cold Little Heart ukawa utangulizi wa tamthilia ya Marekani, Big Little Lies. Albamu ya tatu, Kiwanuka (2019), ikampa Tuzo ya Mercury mwaka 2020.

Humjui bado? Anza na Love & Hate.