Damu ya Bandia: Kwani Imekwama Wapi?

Muhula uliopita timu ya kuchangisha damu ilipopiga hema karibu na kafeteria, nilipanga foleni kifua mbele. Nikachomwa kidole, tone la damu yangu likadondoshwa kwenye kimiminika cha bluu. Kumbe ni mrututu, ule ule wanaoutumia wakulima kuua kuvu, ila umepimwa uzito wake kwa makini. Damu yenye hemoglobini ya kutosha inazama. Yangu ilishuka kidogo, ikasita, ikapanda juu.

"Mdogo wangu, leo hapana," nesi akaniambia. "Kale vizuri, urudi baadaye."

Mwenzangu wa chumbani akanifariji: "Achana nao bwana, siku hizi wazungu wanatengeneza damu ya bandia." Nilinyamaza, lakini iliniuma. Mwaka juzi dada yangu alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na usiku kucha tulikuwa tunapigia ndugu simu kuwaomba waje kuchangia. Chupa mbili zilipatikana alfajiri. Yuko hai, na mwanawe sasa anaita kila kitu "mpila". Kama damu ya bandia ipo, usiku ule ilikuwa wapi? Nasoma ualimu wa Biolojia na Kemia, nikaona aibu kutojua jibu. Nikaingia maktaba.

Kwanza, hakuna anayetengeneza damu yote. Kinachotafutwa ni kitu cha kufanya kazi moja tu ya damu, kubeba oksijeni. Kazi hiyo hufanywa na hemoglobini, protini yenye madini ya chuma iliyojaa ndani ya seli nyekundu. Wazo la mwanzo lilikuwa rahisi na, kwa kweli, zuri: toa hemoglobini, tupa ganda la seli. Makundi ya damu aliyoyagundua Karl Landsteiner mwaka 1901 yako kwenye ganda hilo. Ukiliondoa, habari ya A, B na O inakwisha, mgonjwa yeyote anapewa. Tena seli nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki sita tu hivi, na umeme ukikatika ndiyo basi.

Tatizo ni kwamba ganda lile si mfuko tu. Hemoglobini ikiwa nje ya seli humeguka vipande viwili, vinapita kwenye figo na kuziumiza. Halafu inanyakua oksidi ya naitriki, gesi ambayo mwili hutumia kulegeza mishipa ya damu. Mishipa inabana, presha inapanda. Yaani kile kilichotumwa kupeleka oksijeni kinafunga njia.

Kampuni ziliziunganisha molekuli zisimeguke, zikaendelea. HemAssist ya Baxter ilisimamishwa mwaka 1998 baada ya majeruhi walioipata kufa wengi kuliko waliopewa maji ya chumvi. Hemopure, iliyotokana na damu ya ng'ombe, iliruhusiwa Afrika Kusini mwaka 2001. Kisha mwaka 2008 jarida la JAMA likachapisha uchambuzi wa majaribio 16 ya bidhaa tano za aina hii: hatari ya kifo iliongezeka kwa asilimia 30, na ya mshtuko wa moyo karibu mara tatu.

Lililonikosesha usingizi ni jaribio la PolyHeme, Marekani, kuanzia 2003. Majeruhi walipewa ndani ya gari la wagonjwa bila kuombwa ridhaa, kwa kuwa hawakuwa na hali ya kuongea. Asiyetaka alipaswa kuvaa bangili maalumu kabla hajapata ajali! Sasa nani anatoka nyumbani na bangili ya kukataa dawa asiyowahi kuisikia? Na walipofika hospitalini, kwenye damu ya kawaida, baadhi waliendelea kupewa PolyHeme hadi saa 12. Watetezi walisema bila hivyo utafiti wa dharura hauwezekani. Kwa ile safari ya barabarani nawaelewa. Kwa zile saa za hospitalini, siwaelewi hata kidogo.

Siku hizi watafiti wamerudi kwenye ganda. Chuo Kikuu cha Tiba cha Nara, Japani, wanafungia hemoglobini ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta, vinavyoweza kukaa miaka miwili bila jokofu. Vimeshaanza kujaribiwa kwa watu wazima wenye afya. Na hiyo hemoglobini inatoka wapi? Kwenye damu iliyochangiwa na watu, iliyopitwa na muda. Uingereza nao, mwaka 2022, walimwekea mtu kwa mara ya kwanza seli nyekundu zilizokuzwa maabara kutoka kwa mtu mwingine, kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai. Zilikuzwa kutoka seli shina, nazo za mchangiaji. Kumbuka uboho wako unatengeneza seli nyekundu kama milioni mbili kila sekunde, wewe ukiwa umelala.

Nilimweleza mwenzangu yote haya, akauliza swali la maana: je, ingemsaidia dada? Vifuko vya Nara vingeweza kumsogeza mpaka alfajiri, labda. Lakini havigandishi damu. Kwa hilo angehitaji plazima na chembe sahani, na chembe sahani hazidumu hata wiki mbili.

Timu inarudi mwezi wa tano. Nakula dagaa na matembele, nakamulia ndimu, na chai nimeisogeza mbali na mlo kwa sababu inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Boom likitoka naongeza maini. Mwenzangu amekubali tupange foleni pamoja, ila kasema mimi nitangulie, maana sindano anaiogopa vibaya.