Usiku wa Guangzhou: Kijana Wetu Atakula Nini?



Jioni moja, baada ya sala ya magharibi, mama mmoja wa hapa kwetu Kwaluguru alinijia barazani, ameshika ncha ya kanga yake aliyokuwa amefunga fedha. Mwanawe, niliyemsomesha chuoni tangu alifu, alikuwa amekusudia kwenda Uchina pamoja na wafanyabiashara wa Kariakoo kununua viatu na mikoba. Nyumba nzima ilikuwa imekwisha kuchangia mtaji wake: mahindi yameuzwa, mbuzi wameuzwa, na mjomba wake ametoa alichokuwa nacho. Fungu la mwisho lilikuwa ndilo lile lililofungwa katika kanga. Nilidhani ataniuliza habari ya faida na hasara, lakini hakuniuliza hayo. Alisema, "Maalim, usiku huko ugenini mwanangu atakula nini? Na atakula pamoja na nani?"

Sikuwa na jawabu, maana mimi safari zangu za mbali zimeishia Dar es Salaam na Unguja. Nikamwomba siku chache, kisha nikamwita kijana mwingine wa chuo changu ambaye amekwisha kufika mji wa Guangzhou mara kadhaa. Akaja, akaniamkia, akaketi mkekani, tukazungumza hata usiku ukawa mkubwa. Niandikayo hapa ni aliyonieleza yeye, pamoja na mengine niliyoyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wengine waliofika. Nayaandika kwa kuwa najua mama yule hayuko peke yake katika swali lile.

MJI NA SAA ZAKE

Guangzhou, ambao vitabu vya zamani huuita Kantoni, ni mji mkubwa wa kusini mwa Uchina, nao umekaa kandokando ya Mto wa Lulu. Katika hesabu ya mwaka 2020 watu wake walipita milioni 18. Tangu mwaka 1957 pana maonyesho makubwa ya biashara mjini humo mara mbili kila mwaka, wakati wa masika ya kwao na wakati wa vuli, na wafanyabiashara wa Afrika ya Mashariki ni miongoni mwa wanaokwenda.

Saa za huko zimetangulia saa zetu kwa saa tano. Hapa Kwaluguru, saa moja ya usiku, wakati mama anaposonga bada jikoni, Guangzhou imekwisha kuwa saa sita ya usiku. Mtu angedhani kuwa saa hiyo milango yote imefungwa. Kumbe sivyo. Watu wa nchi ile wana chakula cha usiku wa manane, nacho kina jina lake mbali na chakula cha jioni. Mchana jua na mvuke huwachosha, basi usiku huweka viti vifupi na meza ndogo kando ya barabara, wakawasha makaa, wakala na kuzungumza. Humo wamo vibarua waliotoka kazini, wamo wazee, tena wamo watoto wadogo pamoja na bibi zao.

Nalisema hili kwa uadilifu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikidhani kwamba usiku wa mji mkubwa ni ulevi na uasherati mtupu. Kijana yule akaniambia, "La, Maalim. Wengi wao wanakula tu, kama watu wanavyokula Segera basi linaposimama." Nikanyamaza, kwa maana alisema kweli. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, vijana wetu wengi wameujua usiku wa Segera na Korogwe, mishikaki yake na mahindi yake ya kuchoma. Kukesha peke yake si dhambi, nayo njaa ya usiku haina dini. La kujiuliza ni kilichomo chunguni, na nani aliyeketi mezani.

KILICHOMO CHUNGUNI

Vyakula vya usiku wa Guangzhou ni vingi mno. Upo uji wa mchele uliopikwa hata punje zikayeyuka, ndani yake samaki au nyama. Zipo tambi pana za mchele zilizokaangwa kwa nyama ya ng'ombe katika karai lenye moto mkali. Wapo chaza waliochomwa kwa kitunguu saumu, na konokono, na vipande vidogo vilivyofungwa katika unga na kupikwa kwa mvuke.

Kwa Mwislamu shida yake si nyama anayoiona tu. Nguruwe ndiye nyama ya kawaida ya nchi ile, hata ukitaja neno lao la nyama bila kuongeza jina la mnyama, aghalabu hufahamika kuwa unataka nguruwe. Tena mafuta yake huweza kukaangia mboga za majani, na mvinyo hutiwa katika mchuzi ili kuondoa shombo ya samaki. Basi mtu aweza kuepuka nyama, akaagiza mchicha na samaki, akadhani amesalimika, naye hakusalimika. Na hata huyo ng'ombe aliyemo katika tambi, hajui ni nani aliyemchinja.

Kijana wangu usiku wa kwanza alifika mjini amechelewa, tumbo tupu. Akatoka nje, akapita katika harufu zile zote, kila muuzaji akimwita kwa mkono. Hakuwa na lugha ya kuuliza. Mwisho alinunua ndizi na mayai ya kuchemsha, akarudi chumbani akala peke yake kitandani. Akaniambia kwamba usiku ule alilia, wala si kwa njaa. Nyumbani tuna msemo kuwa mgeni ni kuku mweupe. Yeye alikuwa mgeni asiyejulikana na mtu hata mmoja katika watu mamilioni, na lau angekula haramu usiku ule hapana ambaye angejua. "Hapo ndipo nilipofahamu," akasema, "kuwa huku Kwaluguru nilikuwa nikiwaogopa watu."

MANENO MAWILI YA KIJANI

Siku ya pili mfanyabiashara mmoja mtu mzima alimwandikia katika karatasi maneno mawili ya Kichina yasomwayo qingzhen, yaani safi na kweli. Ndiyo alama ambayo Waislamu wa Uchina huiweka juu ya milango ya mikahawa yao, mara nyingi kwa rangi ya kijani, na pengine huandika kando yake neno halali kwa herufi za Kiarabu.

Usiku ule kijana akaenda akitazama juu ya milango, karatasi mkononi, hata akaiona. Ndani alikuwamo mzee mwenye kofia nyeupe, Mwislamu wa kabila la Wahui. Wahui ni Wachina kwa sura na kwa lugha, na mababu zao wamekuwa Waislamu karne nyingi. Wengi wa wenye mikahawa hii wametoka mkoa wa Qinghai, mbali sana kaskazini magharibi. Mzee yule alikuwa akitengeneza tambi kwa mikono mitupu, bila kisu wala mashine: huuvuta unga, huukunja mara mbili, huuvuta tena. Uzi mmoja huwa miwili, miwili huwa minne, na akikunja mara saba zimekuwa nyuzi 128. Kisha huzitia katika maji yachemkayo, akazimwagia mchuzi wa mifupa ya ng'ombe, vipande vya figili nyeupe, majani ya giligilani na pilipili.

Kijana alitoa salamu. Mzee akaitikia, lakini hapo maneno yakawaishia wote wawili. Basi kijana akainua macho, akaona ukutani pameandikwa bismillahi kwa hati ya Kiarabu, akaisoma kwa sauti kama alivyofundishwa chuoni. Mzee akaweka unga chini, akamwita mkewe atoke jikoni aje asikie. Akamwongezea nyama katika bakuli, na alipotaka kuswali isha akamwonyesha pembe ya chumba na upande wa kuelekea. Sisi hapa twaelekea kaskazini tukitafuta kibla, na wale huelekea magharibi, lakini nyumba inayoelekewa ni moja.

Wazazi wengi siku hizi huniambia ya kuwa chuo ni cha watoto wadogo, na kwamba hakimpatii mtu kazi. Siwalaumu. Nataka tu wajue kwamba juzuu moja ya Amma ilimpatia mtoto wa Kwaluguru chakula, mahali pa kuswali, na baba wa kumtazama, katika mji ambao hakuweza hata kuuliza njia.

Wala Uislamu si mgeni huko. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliufikia pia mji huu alipokwenda Uchina katika miaka ya 1340, akaeleza kuwa Waislamu wana mtaa wao wenye msikiti, soko na kadhi. Hata leo uko msikiti wa kale uitwao Huaisheng, maana yake kumkumbuka Mtukufu, nao una mnara mwembamba wa mita 36 hivi. Husimuliwa kuwa zamani taa iliwashwa juu ya mnara ule usiku ili vyombo vya baharini vipate kuiona njia ya bandari. Watu huyataja sana maneno ya kuamrishwa kutafuta elimu hata Uchina, lakini wataalamu wengi wa hadithi wameyaona kuwa ni dhaifu, basi sitayafanya hoja. Taa ile yanitosha.

HATARI ZILIZOPO

Nisije nikamdanganya mama yule kwa kumsifia usiku mtupu. Mitaa ya Xiaobei, wanakokutana Waafrika na Waarabu, ina mikahawa ya halali hata usiku mwingi, lakini mji una vilevile kumbi za pombe na muziki. Kijana mmoja katika msafara wao alialikwa na watu wa lugha yake mwenyewe, akaenda usiku mmoja, akaenda wa pili. Siku ya kulipia mzigo fedha hazikutosha, na fedha zile hazikuwa zake peke yake. Mikahawa yenyewe yenye alama ya kijani si yote iliyo sawa, kwa maana ipo iuzayo bia. Alama hufungua mlango tu, na kuuliza bado kwapasa.

Kubwa kuliko hayo ni mkoba wa mtu mwingine. Rafiki wa usiku mmoja aweza kumwomba mtu amchukulie kifurushi, na ndani yake zikawamo dawa za kulevya. Sheria ya Uchina yaweza kumhukumu kifo mwenye kuzisafirisha, wala kusema sikujua hakumwokoi mtu kwa urahisi.

Tena ajue kuwa ugeni ni ugeni. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli zao, na baadhi yao wakalala njiani. Serikali za Afrika zililalamika. Basi asiyekuwa na hati zake tayari na akiba kidogo mfukoni asiseme mji umemzoea.

JAWABU LANGU KWA MAMA

Nilimrudia mama yule, nikamweleza yote. Nikamwambia: mwanao atakula, tena atakula halali, ikiwa atashika mambo machache. Achukue tende na karanga za siku mbili tatu, asitoke usiku wa kwanza kwa njaa. Asiende kula peke yake, wala asiende na asiyeswali. Panapoingia shaka, aache. Akikaa nyumba ya mtu badala ya hoteli, ajiandikishe polisi katika saa 24. Asipokee mzigo wa mtu. Na ajue kuwa akeshaye mpaka saa nane huipoteza alfajiri, na mwenye kuipoteza alfajiri hupoteza na soko la asubuhi.

Tena nikamwambia ampigie simu kila siku saa tisa mchana, kabla ya adhana ya alasiri, kwani huko huwa saa mbili ya usiku, saa ya kutafuta chakula. WhatsApp huko imezuiwa, basi mjukuu amtilie WeChat mapema. Kijana anayejua kwamba mama atamwuliza umekula nini, hufikiri kabla ya kuketi.

Nilimpa karatasi ambayo nilikuwa nimeyanakili yale maneno mawili kwa mkono wangu, kwa kalamu ileile niandikiayo mbao za chuoni. Hayakutoka vizuri. Mama akayatazama kitambo, akaikunja karatasi, akafungua kanga yake, akaiweka pamoja na fedha, akafunga tena. Kesho yake alimkabidhi mwanawe vyote viwili.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu mchana na usiku, awarudishe salama kwa wazazi wao, na awape riziki iliyo halali. Amin.