Kapelani habebi bunduki, na hasemi

Kwenye kipindi tulipata kama dakika kumi tu za kuongea kuhusu upande wangu wa jeshi, na karibu zote ziliishia kwenye swali moja: kwani pasta anafanya nini jeshini? Tangu hapo meseji hazijakatika. Wengine mnataka kujiunga. Wengine mna binamu aliyejiunga kimyakimya, na mama yake hadi leo anadhani kila mwezi anaenda semina ya kazi. Nimeambiwa niandike, basi naandika, kwa Kiswahili chetu cha Mansfield, kile kilicholelewa na mama wa Nakuru kando ya barabara ya 287.

Tuanze na jina. Tanzania wanasema kapelani. Kenya utasikia zaidi kasisi wa jeshi. Neno kapelani limetoka mbali. Kuna hadithi ya Martin wa Tours, askari wa Roma katika karne ya 4, aliyekutana na maskini anatetemeka kwa baridi kwenye lango la mji wa Amiens, akalikata joho lake kwa upanga na kumpa nusu. Joho hilo, cappa kwa Kilatini, baadaye likawa kitu kitakatifu ambacho wafalme wa Wafranki walienda nacho vitani, na padri wa kulitunza akaitwa cappellanus. Marekani yenyewe imekuwa na makapelani jeshini tangu tarehe 29 Julai 1775, yaani kabla haijawa nchi.

"Akiba" nayo mnaijua, ni ile mnayoambiwa muweke benki. Jeshi la akiba ni watu waliowekwa pembeni hadi wahitajike. Wikendi moja kwa mwezi na kama wiki mbili kwa mwaka unavaa sare. Siku nyingine uko kazini kama mtu yeyote. Mimi siku za kawaida niko hospitalini, nakaa na wagonjwa na familia zao. Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, ila wao hawakutakiwa kukimbia maili mbili huku mtu ameshika saa.

Kuingia si rahisi, na wengi mnaoniuliza mnadhani ni kupenda Mungu na kwenda kujiandikisha. La. Unahitaji digrii ya kwanza, halafu shahada ya uzamili ya theolojia au masomo ya dini yenye angalau krediti 72. Huku kwetu huna kisingizio cha umbali: Fort Worth kuna Southwestern na kuna Brite pale TCU, Dallas kuna Perkins ya SMU na Dallas Theological. Mimi nilisoma jioni, miaka mingi kuliko nilivyomwahidi mke wangu.

Halafu kuna kitu kinachoitwa idhini ya dhehebu, na hapa ndipo vijana wetu wengi hukwama. Serikali haiwezi kuamua nani ni mchungaji wa kweli, kwa hiyo inaliachia dhehebu lako lithibitishe kwamba wewe ni wao na unafaa. Lakini dhehebu lenyewe lazima liwe na wakala anayetambuliwa na Wizara ya Ulinzi. Sasa fikiria yale makanisa yetu ya Kiswahili, yanayokodi ukumbi wa Wamarekani na kuanza ibada saa nane mchana wenye nyumba wakishatoka. Mengi yanajitegemea. Mchungaji anakupenda, wazee wanakuombea, lakini hakuna wakala wa kuandika ile barua. Ukiwa na ndoto hii, uliza swali hilo mapema, kabla hujalipa hata dola moja ya ada. Na idhini hiyo si ya kupewa mara moja ukatulia. Dhehebu likiiondoa, hata ukiwa na cheo gani, ukapelani umekwisha.

Baada ya hapo ni madaktari, uchunguzi wa historia yako, bodi ya kukuchagua, na shule ya makapelani pale Fort Jackson, South Carolina. Wengi huingia na cheo cha luteni, kisha kapteni. Askari lakini hawakuiti kapteni. Wanakuita kapelani tu, na wale wetu wachache wananiita pasta, au nikiwa na bahati mbaya, anko.

Mamangu alipopata habari alikuwa ametoka zamu ya usiku. Alikaa kwenye kiti na viatu vyake vyeupe akasema, "Nimekutoa kwenye matope, wewe unarudi kuyatafuta na tochi?" Baba hakusema kitu, akaenda kuosha gari lililokuwa safi.

Aliyenipa kazi zaidi ni mzee mmoja wa kanisa letu, mtu wa Uvira. Wakongo waliohamia Fort Worth na miji ya jirani ni wengi, na kwao sare ya jeshi si matangazo ya televisheni. Ni mtu aliyesimama njiani, ni mlango uliovunjwa usiku. Mzee akaniuliza mbele ya wenzake, "Utabeba bunduki?" Nikasema hapana. Kapelani wa Marekani habebi silaha. Chini ya Mikataba ya Geneva hahesabiwi kati ya wapiganaji. Anayebeba ni msaidizi wangu, askari aliyefunzwa kazi hiyo, na moja ya majukumu yake ni kunilinda nikiwa kazini. Mzee akafikiri, akasema, "Mie sijaona askari bila bunduki, mutoto yangu. Weye ni askari ya namna gani?" Lile si swali la kujibu kwa sentensi. Tulikaa hadi chai ikapoa mara mbili.

Nilimtajia mtu mmoja ambaye ninyi pia mngependa kumjua. Mnaijua Kariakoo, au kama ninyi ni wa Nairobi, Kariokor. Majina hayo yametoka kwenye Carrier Corps, vikosi vya wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi wengi mno walikufa, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1916 Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, Frank Weston, alienda bara pamoja na wapagazi wa Zanzibar, akiwa kiongozi wao mwenye cheo cha meja. Hakuwa kapelani kwa karatasi. Ila askofu aliyekubali kutembea na watu wa mizigo, badala ya kuwaombea kutoka baraza ya nyumba yake, kwangu amenifundisha kazi hii kuliko vitabu kadhaa vya Fort Jackson.

Sasa Jumamosi yenyewe inakuwaje? Naondoka nyumbani giza bado, napanda 360, baada ya nusu saa hivi niko kituoni. Sina mengi ya kufanya ofisini. Kazi yangu ni kuzurura. Naenda walipo mafundi wa magari, nashika tochi, nauliza, "Vipi nyumbani?" Mtu anajibu "safi" bila kuinua kichwa. Naendelea kushika tochi. Ukishika tochi ya kutosha, "safi" inabadilika: kodi ya nyumba, mke aliyehama, bosi wa kazi ya kawaida anayenuna kila wikendi ya jeshi ikifika. (Hilo la bosi lina sheria tangu 1994, inaitwa USERRA: hawezi kukufukuza kwa sababu ya jeshi. Wengi hawaijui.) Jumapili nafanya ibada fupi, dakika ishirini, pengine watu watano.

Na si wa dini yangu tu. Kanuni yetu ni kwamba kile ambacho imani yako inakuruhusu, unakifanya mwenyewe. Ambacho haikuruhusu, unamtafutia askari mtu wa kukifanya. Siwezi kuongoza swala ya Ijumaa, lakini ni kazi yangu kuhakikisha aliyefunga Ramadhani anapata chakula cha futari na daku tukiwa mazoezini. Kapelani wa kwanza Mwislamu wa jeshi hili, Abdul-Rasheed Muhammad, aliingia 1993, si zamani sana. Kabla yake, askari Mwislamu alimtegemea mtu kama mimi, na kama mtu huyo alikuwa mvivu, basi tena.

Msidhani kwamba akiba ni mchezo wa wikendi. Tarehe 28 Januari 2024 droni ilipiga kambi ya Tower 22 huko Jordan na kuua askari watatu wa Marekani. Wote walikuwa wa akiba, wa kikosi cha uhandisi kutoka Georgia. Watu wa wikendi moja kwa mwezi.

Mtu akifa hivyo, kuna sare mbili zinazokuja mlangoni. Mmoja ni ofisa wa kutoa habari, mwingine mara nyingi ni kapelani. Kwetu mnajua msiba unavyoletwa: wazee wanakuja wengi, wanakaribishwa, wanakaa, wanakunywa hata chai, na mwenye nyumba anaanza kuelewa polepole kwa jinsi wanavyokwepa macho yake. Jeshi halina chai. Maneno yamepangwa, machache, ofisa anayasema akiwa amesimama. Si mimi ninayeyasema. Mimi kazi yangu inaanza sekunde ile anapomaliza, na haina maneno yaliyopangwa. Nikiri kwamba utaratibu wa kwetu naona ni wa huruma zaidi, ila nimeelewa kwa nini jeshi haliutaki: mama anayefungua mlango akaona sare hizo tayari anajua, na kila dakika ya kuzungushwa ni mateso.

Najua mnachongoja. Mnataka stori. Nani alisema nini. Hamtazipata, na hili ndilo nililotaka sana kusema kwenye kipindi muda ukaisha. Unachomwambia kapelani wa jeshi kwa imani na siri hakitoki bila ruhusa yako. Kamanda hawezi kuniamuru nikiseme. Mahakama ya kijeshi haiwezi. Daktari, mshauri, sajini wako, wote wana mambo ambayo wakiyasikia lazima wayaripoti. Mimi sina. Nikiona maisha yako yako hatarini sikuachi: nakaa na wewe, nakuomba twende pamoja kutafuta msaada, nakuomba tena. Ila mlango unaufungua wewe.

Kwa watu wetu jambo hili ni gumu kuamini. Tumekulia kwenye kanisa ambapo siri ina safari yake. Unamwambia anti mmoja, anasema atakuombea, jioni liko kwenye kikundi cha WhatsApp: tumkumbuke kijana wetu fulani, anapitia jambo fulani. Redio mbao yenye Biblia. Wanapenda kweli, sisemi hawapendi. Lakini kijana wa Arlington mwenye shida hataenda kwa mtu anayekula ugali na mama yake.

Na wako wengi kuliko mnavyodhani. Kati ya 2009 na 2016 kulikuwa na mpango, MAVNI, uliowaruhusu wahamiaji wenye lugha zilizohitajika kujiunga hata bila kadi ya kijani, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Watu wa kwetu waliingia hapo. Baada yao mmeingia ninyi mliozaliwa hapa, wengi kwa ajili ya ada ya chuo.

Mmoja aliniruhusu niseme yafuatayo, na nimemsomea kabla ya kuyachapisha. Ilikuwa kiangazi, kwenye zile wiki mbili za mazoezi. Uwanjani hakuna ofisi. Hema ni kitambaa. Ukikohoa, watu kumi wanakuambia pole. Alinikuta nimekaa nyuma ya lori, akaanza kwa Kiingereza, akatazama huku na huku, akanyamaza. Nikamwambia, "Sema kwa Kiswahili." Akasema chake ni kibovu. Nikamwambia changu pia ni cha Mansfield, tuende hivyo hivyo. Alikosa maneno mengi. Hakujua kusema "nimekata tamaa", kwa hiyo alisema "mimi nimeisha, kama simu". Watu walipita karibu yetu na vyombo vya chakula, hawakuelewa hata moja. Kanisani kwetu tukitaka faragha tunahamia Kiingereza. Pale lugha ya mama zetu ndiyo ilikuwa mlango, na tuliufunga.

Alikuwa hataki kuona asubuhi. Tulikaa hadi asubuhi, kisha akakubali twende pamoja kwa daktari. Leo yupo, ana kazi, na amenituma niwaambie kwamba Kiswahili chake bado kibovu.

Basi ukiwa jeshini, akiba au moja kwa moja, kikosi chako kina kapelani hata kama hujawahi kumwona. Usiku mbaya ukija kabla hujampata, piga 988, kisha ubonyeze 1. Ni kwa maveterani, lakini pia kwa walio jeshini sasa, pamoja na wa akiba. Ukimtaka kapelani, mwulize sajini wako namba yake. Akikuuliza ni ya nini, mwambie ni mambo yako binafsi. Inatosha.