Shusha Gia Kabla ya Mteremko

Keroka iko mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, juu kwenye baridi. Kisii mjini ni chini, na kati ya miji hiyo miwili ni vilima, kona, bodaboda na malori ya ndizi. Alasiri ongeza mvua. Kwenye barabara kama hiyo utaona Probox iliyojaa kupita kiasi ikishuka na gia ya tano, taa za breki zikiwaka tangu juu hadi chini. Mwingine hutia fri kabisa, eti anaokoa mafuta.

Gari la kilo 1,200 likishuka kimo cha mita 200 huku likizuiwa na breki peke yake, joto linalotoka linatosha kuchemsha lita saba hivi za maji. Joto hilo huishia kwenye diski na pedi, kisha hupenya hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu, 140 zinaweza kutosha. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga pedali, inazama hadi sakafuni, na gari linaendelea na safari yake.

Injini inaweza kubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa ndani ya gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo hukaidi. Gia ikiwa ndogo, ukaidi unazidi. Wala fri haiokoi chochote kwenye gari la injeksheni. Mguu ukitoka, kompyuta hukata mafuta, ilhali kwenye fri lazima injini ilishwe isije ikazima. Dereva wa kabureta alikuwa na kisingizio. Wa Probox hana.

Punguza mwendo kwa breki ukiwa bado juu, kabla kilima hakijaanza kuinama. Kanyaga klachi, toa ya tatu, tia ya pili, na kabla hujaachia klachi gusa mafuta kidogo. Mguso huo ndio ufundi wenyewe. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,000 kwa dakika kwenye gia ya tatu itataka karibu 2,900 kwenye ya pili, kwa mwendo uleule. Usipoipandisha wewe, klachi itaipandisha kwa nguvu na abiria watainama mbele wote kwa pamoja. Ukisikia injini imepaza sauti bila gari kushtuka, umepata. Ila usiruke kutoka ya tano hadi ya pili ukiwa na kasi: kinachoizungusha injini hapo ni magurudumu, na hakuna kifaa cha kukata mafuta kitakachoizuia isivuke kiwango chake na kuharibika.

Kwenye vijia vya udongo mwekundu vinavyokwenda vituo vya kununulia majani chai, mambo ni magumu zaidi. Breki ya injini hushika magurudumu yanayosukumwa na injini tu. Kwa Hiace ni ya nyuma, kwa hiyo ukishusha gia kwa pupa kwenye matope, mkia utaponyoka upande. Probox nyingi huvutwa na ya mbele, na hapo usukani ndio unaogoma. Shusha mapema, achia klachi polepole.

Kupanda kuna habari moja tu. Kwenye mita 1,900 hivi, kama ilivyo Nyamira, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita, na injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho. Usingoje ianze kutetemeka ndipo utafute ya pili.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Ukinunua gari mkononi mwa mtu, muulize yalibadilishwa lini. Akisita kujibu, mpitie fundi kabla hujateremka nalo.